Sista Anajibu: Zile Ishirini za Uongo

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimeandikwa kwenye meza moja. Wanafunzi, wauguzi wa miaka mingi, hata mzazi mmoja, wote wanauliza kazi hii inaelekea wapi sasa ambapo kila wodi ina skrini. Kwa wanaokutana na safu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni muuguzi wa miaka 31. Miaka 19 nilikuwa wodi ya magonjwa ya ndani, saba chumba cha wagonjwa mahututi, na mitano hii ya mwisho nafundisha wanafunzi kando ya kitanda. Ukiona navutia upande wa wodi, sababu ndiyo hiyo.

*

Shikamoo Sista. Niko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi. Kaka yangu anafanya kazi za kompyuta, na kila nikirudi likizo ananiambia nimechagua kazi inayokufa: akili unde itapima wagonjwa, itaandika, itapanga dawa, na sisi tutabaki kubadilisha mashuka. Mwanzo nilicheka. Sasa hospitali tunakofanya mazoezi wameleta mfumo unaopiga kengele mgonjwa akianza kuharibika, na sista wa zamu anaisubiri hiyo kengele ndipo aende kitandani. Nibadili fani mapema? — Mwenye Kaka Msumbufu

Marahaba, mwanangu. Kaka yako nisalimie, na umwambie nusu ya maneno yake ni kweli. Mambo mengi tuliyokuwa tukiyaita uuguzi yalikuwa ukarani: kunakili joto kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye jalada, kutoka kwenye jalada kwenda kwenye daftari la zamu, kutoka daftarini kwenda kwenye ripoti ya mwezi. Hayo yanaondoka, nami siyalilii.

Nusu ya pili ndiyo aliyokosea. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 juu ya hali ya uuguzi inasema mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na bado pengo lilikuwa milioni 5.8. Makadirio yao ni kwamba hata ifikapo 2030 pengo litakuwa milioni 4.1. Kazi inayokufa haitafuti watu milioni nne.

Lakini kilichonigusa katika barua yako si kaka. Ni yule sista anayesubiri kengele.

Mifumo hiyo ilianza kama karatasi. Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa chati yake mwaka 2012, kikairekebisha 2017. Unachukua kasi ya kupumua, oksijeni ya damu, kama mgonjwa amewekewa oksijeni au la, shinikizo la damu lile la juu, mapigo, ufahamu na joto. Kila kimoja unakipa alama, 0 ikiwa kiko sawa, 3 ikiwa kimeharibika sana. Jumla ikifika 7, ni dharura. Hakuna uchawi hapo, ni kujumlisha. Programu za sasa zinakwenda mbali zaidi: zimesomeshwa majalada maelfu kwa maelfu ya wagonjwa waliopita, zikajifunza zenyewe sura ya mtu anayekaribia kuanguka. Hapo ndipo ningependa uniulize: majalada hayo aliyaandika nani?

Tuliyaandika sisi. Na sasa naungama.

Chukua jalada lolote la wodi za zama zangu, kasi ya kupumua utaikuta 20. Wakati mwingine 18, mwandishi akitaka kuonekana makini. Wagonjwa 30 wote wanapumua mara 20 kwa dakika, kama kwaya. Hakuna aliyehesabu. Kuhesabu kunataka usimame dakika nzima bila kufanya kingine, na wagonjwa 30 ni nusu saa ambayo hakuna mtu anakupa.

Mwaka wangu wa tatu kazini, zamu ya usiku, nilikuwa na mzee mmoja wa nimonia kitanda cha dirishani. Saa nne usiku niliandika 20. Saa nane niliandika 20. Saa kumi alfajiri kijana wa kitanda cha jirani akaniita: “Sista, huyu mzee anahema kama amepanda mlima.” Nikasimama, nikatazama saa yangu, na kwa mara ya kwanza usiku ule nikahesabu. Ilikuwa 38. Asubuhi ile alihamishiwa chumba cha mahututi, na baada ya wiki tatu akatoka kwa miguu yake. Hakuna aliyenikaripia. Daktari alifungua jalada, akaona 20, akaona 20 nyingine, akasema mgonjwa amebadilika ghafla. Hakubadilika ghafla. Kijana mwenye vidonda vya tumbo alikuwa amemwona akibadilika tangu saa sita.

Sasa zikusanye ishirini zangu na za wenzangu, uilishe mashine. Itajifunza kwamba binadamu hupumua vizuri kabisa mpaka nusu saa kabla ya kuzimia.

Wala sisemi kwa kubahatisha kwamba mifumo hii hukosea. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kuipima programu moja iliyoenea sana ya kutabiri sepsisi, ile hali ya maambukizi kuufanya mwili ujiharibu wenyewe. Kati ya kila wagonjwa 100 wenye sepsisi, iliwakosa 67. Papo hapo ilikuwa imepiga kengele kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa. Yaani inanyamaza inapotakiwa kulia, na kwingine inalia mpaka masikio ya wauguzi yanakufa ganzi.

Hata kile kidude cha kubana kidoleni, ambacho hakina akili unde yoyote, kina lake. Msingi wake ulibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970: taa mbili, nyekundu na ile isiyoonekana, zinapenya kidoleni, na tofauti ya mwanga unaotokea upande wa pili inaonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu. Kimeokoa watu wasiohesabika. Lakini rangi ya ngozi nayo hula mwanga. Desemba 2020 madaktari wa chuo hicho hicho cha Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi ilitokea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe kwamba kidude kinasema oksijeni inatosha na kumbe damu yenyewe, ikipimwa maabara, haina. Walipokuwa wakivirekebisha vidude hivi viwandani, vidole vingi walivyovitumia vilikuwa vya ngozi nyeupe.

Kwa hiyo muulize kaka yako: skrini ikisema oksijeni ni 94, nani atajua ni 94 ya kweli? Ni yule aliyeona pua zinatanuka na mabega yanapanda kila pumzi, akasikia mtu anaongea maneno matatu matatu. Macho hayo huyapati kwenye chumba cha kompyuta. Unayapata kwa kukaa na wagonjwa wengi mpaka ujue mzima wa kawaida anaonekanaje.

Kwa hiyo usibadili fani. Ila jifunze takwimu kuliko sisi tulivyojifunza. Florence Nightingale tunamchora na taa mkononi, picha nzuri, na tunasahau kwamba mwaka 1858 alichora mchoro wa hesabu kuwaonyesha wakubwa wa Uingereza kwamba katika vita vya Crimea askari waliokufa kwa magonjwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Mfumo mpya ukiletwa wodini kwenu, inua mkono uulize umejifunza kwa wagonjwa gani, na unakosea mara ngapi. Muuzaji akikunja uso, umeuliza swali zuri.

Na yule sista anayesubiri kengele, usimhukumu. Pengine ana wagonjwa 40. Lakini wewe usimwige.

*

Sista mwenzangu, nina miaka 22 kazini. Mwaka huu tumepewa vishikwambi, majalada ya karatasi yameondolewa. Naandika kwa kidole kimoja, vijana wananicheka, na juzi nilibonyeza vibaya mgonjwa mzima akatoweka kwenye orodha. Nafikiria kustaafu mapema. — Kidole Kimoja

Mgonjwa alikuwepo kitandani? Basi hajatoweka.

Dada, usistaafu kwa sababu ya kishikwambi. Mimi naandika kwa vidole viwili hadi leo na nimefundisha watu. Mtafute kijana mmoja, yule asiyecheka sana, mpe biashara: yeye akukalishe nusu saa kila zamu akuonyeshe mfumo, wewe umwonyeshe kutafuta mshipa kwa mtu aliyepungukiwa maji. Kwa wiki sita mtakuwa sawa, na nadhani yeye ndiye atakayefaidi zaidi.

Kuna hatari ambayo vijana hawaijui na wewe unaijua. Kwenye karatasi, uvivu wetu ulikuwa ile 20. Kwenye kishikwambi, uvivu ni kunakili maelezo ya zamu iliyopita na kuyabandika kwenye zamu hii. Nimewahi kusoma kumbukumbu iliyosema mgonjwa “amelala vizuri, hana malalamiko” saa mbili baada ya mgonjwa huyo kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mtu mwenye miaka 22 kazini ndiye anayeshtuka akiona hivyo.

Tena huku kuna ajira. Wauguzi wanaokaa katikati ya wodi na watu wa kompyuta wanatafutwa sana. Marekani walikwisha kuitambua hiyo kuwa taaluma ya ubingwa ndani ya uuguzi tangu 1992. Pale nilipofanyia kazi, mfumo wa kwanza ulikudai ujaze nafasi 11 kabla hujaruhusiwa kuandika kwamba umempa mgonjwa dawa ya maumivu. Aliyewaambia mafundi kwamba mtu mwenye mfupa uliovunjika hawezi kusubiri nafasi 11 alikuwa dada mmoja aliyebakiza miaka minne kustaafu. Walizipunguza zikabaki tatu. Fundi peke yake asingejua.

Jambo moja la mwisho: kaa mahali ambapo ukiinua macho kutoka kwenye kishikwambi unaangukia usoni kwa mgonjwa. Nimeona wauguzi wamempa mgonjwa mgongo, wanaongea naye kupitia skrini.

*

Habari Sista. Nina stashahada na miaka minne kazini. Wenzangu wote wanakimbilia ubingwa wa wagonjwa mahututi. Mimi napenda wodi ya wazee na kliniki ya kisukari, lakini naambiwa huko ni mahali pa kuzeeka nao. Kuna maisha ya kikazi huko? — Mpenda Wazee

Salama, mdogo wangu. Nimekaa mahututi miaka saba, kwa hiyo sikushauri kwa wivu: nenda kwa wazee, ukimbie ukipenda.

Tazama wagonjwa wa kesho ni akina nani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu mmoja kati ya sita duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, na ifikapo 2050 watakuwa bilioni 2.1. Magonjwa yasiyoambukiza, moyo, saratani, kisukari, mapafu, tayari yanachukua karibu robo tatu ya vifo vyote. Haya hayatibiwi kwa siku tano za kulazwa. Ni ya miaka 20, na mgonjwa anaonana na daktari dakika chache mara nne kwa mwaka. Siku nyingine 361 ni za nani? Hapo katikati ndipo uuguzi unakopanuka kuliko kwingine kote, na sioni mashine inayokimbilia kupajaza.

Niseme la mguu, maana ndilo ninalolijua. Mgonjwa wa kisukari anakuja kliniki, anapimwa sukari, anapewa dawa, anaondoka na viatu vyake miguuni. Muuguzi anayejua kazi anamwambia avue. Anachukua kile kiuzi cha nailoni kinachopinda ukikibonyeza kwa uzito wa gramu 10, anagusa nyayo sehemu kadhaa, mgonjwa amefumba macho. Asiposema “hapo,” mishipa ya fahamu imeanza kufa, na mguu huo unaweza kukanyaga msumari asubuhi ukajulikana jioni kwa damu ya kwenye soksi. Niliwahi kumvua viatu mama mmoja nikatoa kokoto iliyokuwa imekaa humo siku nzima, imeshatoboa ngozi. Alicheka, akasema viatu vyake vipya havina neno. Mguu ule tuliuokoa kwa miezi minne ya kusafisha na kufunga. Ubingwa wa vidonda ni kazi kamili siku hizi, na kila mara nashangaa kwamba vijana hawaugombei.

Na mamlaka yanaongezeka. Mwaka 1965 muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kwanza ya muuguzi anayechunguza, anayegundua ugonjwa na anayetibu. Walipigwa vita, na baadhi ya waliowapiga walikuwa wauguzi wenyewe. Leo nchi nyingi zina wauguzi wanaoandika dawa kwa leseni zao. Usikubali mtu akuambie kliniki ni pa kupumzikia.

Kama moyo wako unaweza, angalia pia huduma shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautapona. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967, alianza kama muuguzi, na alikuwa daktari baadaye.

Sasa lisilopendeza. Kwa stashahada peke yake utafika mahali mlango utafungwa. Tafuta shahada, hata kama ni kwa kusoma jioni. Na si kwa ajili ya cheo tu. Utafiti wa mwaka 2014 katika nchi tisa za Ulaya, wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliongeza uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 kwa asilimia 7. Na kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano huo ulipungua kwa asilimia 7. Ikariri hiyo. Siku mkuu wako akisema wagonjwa wawili watatu zaidi hawana neno, umpelekee.

*

Sista, nimepata nafasi ya kuwa muuguzi wa simu: wagonjwa wanapiga, nasikiliza, namwambia abaki nyumbani au aende hospitali. Mke wangu anasema hiyo si kazi ya uuguzi, ni ya kupokea simu. — Baba wa Vipokea Sauti vya Masikioni

Shemeji yangu hajawahi kupokea simu ya mama ambaye mtoto wake ananyonya na kuacha, ananyonya na kuacha, saa saba usiku, na mama anasema “sijui, hayuko sawa tu.”

Tangu janga la Uviko-19 mwaka 2020 kazi hii imekua, na itabaki. Ni ngumu kuliko wodi kwa sababu wamekufumba macho. Utajifunza kusikia: mtu anatamka maneno mangapi kabla ya kuvuta hewa, anayejibu ni mgonjwa mwenyewe au ni mtu aliyesimama pembeni yake, na kimya, hasa kimya cha mtoto ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa analia. Mwombe mama aisogeze simu kifuani kwa mtoto. Mwambie afunue nguo akueleze kama ngozi inazama katikati ya mbavu. Programu iliyo mbele yako itakupa maswali kwa mpangilio. Yafuate, lakini mama akisema hayuko sawa, hayuko sawa.

Ombi moja: usiache wodi kabisa. Jiwekee walau zamu moja au mbili kila mwezi. Mikono husahau upesi, na baada ya miaka miwili ya simu tu utaanza kuwaelekeza watu mambo ambayo wewe mwenyewe huyakumbuki yanavyoonekana.

*

Shikamoo Sista. Kuna wakala anatafuta wauguzi wa kwenda nje. Anasema ana kila kitu, nitie saini tu. Nafanya mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani mwezi wa saba. Je, nikiondoka nawasaliti wagonjwa wa kwetu? — Mguu Ndani Mguu Nje

Marahaba. La usaliti nitakujibu kwa ufupi kwa sababu nimechoka kulisikia likielekezwa kwa wauguzi tu. Muuguzi mmoja kati ya saba duniani anafanya kazi katika nchi asiyozaliwa. Shirika la Afya Duniani lina kanuni tangu 2010 za namna nchi zinavyopaswa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, na mwaka 2023 liliorodhesha nchi 55 ambazo upungufu wao ni mkubwa kiasi kwamba wauguzi wao wasifuatwe kwa kampeni. Kanuni hizo ni za hiari, na zinawahusu wanaoajiri. Hazimkatazi mtu kuondoka mwenyewe.

La wakala ndilo lililonitisha. “Nitie saini tu” si maneno ya mtu mwenye kila kitu. Omba mkataba, nenda nao nyumbani, ulale nao siku tatu. Tafuta kifungu kinachosema utalipa nini ukiacha kazi kabla ya muda. Mwenzangu mmoja alikuta huko mbele kwamba kuacha kungemgharimu mshahara wa miezi mingi, akabaki mahali palipomuumiza mpaka mwaka wa tatu. Vyeti vyako halisi na pasipoti havikai kwa mtu mwingine hata siku moja. Na uhakiki leseni kwa baraza la wauguzi la huko mwenyewe, usimwachie wakala.

Mtihani wenyewe umebadilika tangu Aprili 2023. Kompyuta inakupa maswali kuanzia 85 hadi 150 kulingana na unavyojibu, na sasa sehemu yake ni visa vya mgonjwa vinavyofunguka hatua kwa hatua: umeona nini, kipi kati ya ulivyoviona ni cha maana, utaanza na kipi. Kukariri hakutoshi. Kila siku ukitoka zamu, chagua mgonjwa mmoja ujibu maswali hayo matatu juu yake kwa maandishi. Utakuwa unasoma mtihani na huku unakuwa muuguzi bora hapo ulipo, hata kama hutaondoka.

*

Mimi ni mzazi. Mwanangu wa kiume anataka kusomea uuguzi. Ndugu wananiuliza kama nimeishiwa ada ya udaktari. — Baba Mwenye Maswali

Wanawake ni asilimia 85 ya wauguzi wote, kwa hiyo siku za kwanza atajikuta peke yake darasani, na baada ya hapo hakuna atakayekumbuka. Waambie ndugu kwamba udaktari nao upo, na kwamba kijana ndiye aliyechagua.

*

Sista, toleo lililopita ulituambia wanafunzi tuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, tusikisie. Nimejaribu. Nikimwambia “nahesabu unavyopumua,” anaanza kuvuta pumzi kwa mpango kama anaimba. Nikisimama tu namtazama kifua, anaona aibu, hasa akina mama. Nifanyeje? — Mwanafunzi wa Zamu ya Usiku

Usimwambie. Ndiyo siri yote, na inashangaza kwamba hamkufundishwa.

Mshike kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo. Hesabu mapigo kweli, nusu dakika, umalize. Kisha usiuachie mkono. Vidole vibaki palepale, macho yako yaonekane yako kwenye saa, lakini kwa pembe ya jicho fuata kifua. Kwa mama anayeona aibu, ulaze mkono wake juu ya tumbo lake mwenyewe huku umeushika; utausikia unapanda na kushuka na hutahitaji kutazama popote. Kupanda na kushuka ni moja. Hesabu dakika nzima, si robo dakika mara nne, kwa sababu mtu anayeharibika hapumui kwa usawa: anaweza kwenda haraka sekunde 20 kisha akasimama, na robo dakika yako ikaangukia kwenye kusimama.

Asiongee wakati huo, wala wewe usiongee. Akianza kukuuliza habari za dawa, mwitikie kwa kichwa tu mpaka umalize. Akikohoa, anza upya.

Sikiliza pia, usihesabu tu. Pumzi inayotoa mlio wakati wa kutoka, pumzi inayokoroma mtu akiwa macho, pumzi inayomlazimu ainuke aketi. Hayo hayana nafasi ya kujazwa kwenye kishikwambi, yaandike kwenye maelezo kwa maneno yako.

Ukipata 20, andika 20, ipo kweli. Mimi kila ninapoipata huwa narudia kuhesabu.